Sura ya Kumi Kabla ya Sura ya Pili: shajara ya kikundi chetu cha vitabu, Old Kampala

18 Januari

Tumekubaliana. Mwaka huu hatusomi, tunasikiliza.

Sababu ni Mwalimu. Presha ya macho imemmaliza: jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata. Mkutano wa Desemba alikaa kwenye kona yake ileile, kitabu mapajani, kikiwa kichwa chini miguu juu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia. Alipojua alicheka yeye mwenyewe, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Fundi akajitolea kumsomea jioni baada ya kufunga duka. Mwalimu akakataa katakata. "Nisomewe peke yangu kama mgonjwa, na nyinyi msome wenyewe? Hapana. Ama sote tuwe na macho, ama sote tuwe na masikio."

Basi sote masikio.

Kwa atakayekuta shajara hii siku moja: sisi ni sita. Mwalimu, mstaafu wa Kiswahili aliyesomea Dar es Salaam miaka ya sabini. Hajati wa Bombo, mkunga mstaafu, Mnubi. Fundi wa viatu, ambaye duka lake ndilo ukumbi wetu, ndiyo maana mijadala yetu yote inanuka gundi. Dereva wa teksi ya Nateete, yaani daladala. Dada wa Bukavu anayeuza vitenge. Na mimi karani wa kampuni ya kutoa mizigo, ninayeshinda mchana kutwa nikizungumza na madereva wa malori ya Mombasa na Dar, nami ndiye niliyepewa kazi ya mambo ya simu na hii ya kuandika.

Kitabu gani? Hajati alitangulia kuweka sharti: mwaka huu hataki vitabu vya kulia. Mwaka jana tulilia vya kutosha. Anataka maiti, polisi na mtu wa kukamatwa. Tukaangukia kwa Sherlock Holmes. Ni mfululizo mrefu kiasi cha kutupeleka mwaka mzima (riwaya 4 na hadithi fupi 56, zilizotoka kati ya 1887 na 1927) na ni bure. Arthur Conan Doyle alifariki 1930. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2006, kazi inalindwa miaka 50 baada ya mwandishi kufa, kwa hiyo hatumwibii mtu.

Hatutamaliza zote 60. Mpango: riwaya mbili za mwanzo, kitabu kimoja cha hadithi fupi, kisha ile ya mbwa.

25 Januari

Siku ya kupakua.

Rekodi zinatoka LibriVox, mradi ulioanzishwa na Hugh McGuire mwaka 2005 huko Montreal. Wasomaji wake ni watu wa kujitolea, kila mtu nyumbani kwake na maikrofoni yake, wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, na wanachorekodi wanakiachia umma. Kila faili huanza na tangazo hilohilo la kwamba rekodi hii ni mali ya umma. Mwisho wa wiki nilikuwa nimelikariri kama dua.

Hesabu ya MB, kwa wenzangu wa bando dogo: faili la kilobiti 64 linakula kama MB 29 kwa saa, la 128 mara mbili yake. Riwaya ya kwanza, A Study in Scarlet, ni karibu saa tano, yaani chini ya MB 150 ukichukua la 64. Sauti ya mtu mmoja anayesoma haihitaji zaidi ya hapo. Mwenye hamu ya kusikia msomaji akimeza mate na achukue la 128. Tukikumbuka kwamba tangu Julai 2021 bando letu linakatwa ushuru wa asilimia 12, niliona bora nipakue zote mara moja kwa intaneti ya ofisini, baada ya saa za kazi, bosi akijua. Kisha nikazigawa kwenye memori kadi sita.

Mwalimu na Hajati wanatumia katochi, simu ndogo ya vitufe. Msiidharau katochi. Inacheza muziki, betri inakaa siku tatu, na vitufe vyake unavipapasa ukavijua, jambo ambalo simu ya kioo haimpi mtu asiyeona. Ili wasihangaike na majina marefu ya Kiingereza, nilibadilisha mafaili yote nikayaita kwa Kiswahili: Sura 1, Sura 2, mpaka Sura 14.

Nilijiona hodari.

8 Februari

Mkutano wa kwanza. Tulikuwa tumeagana kila mtu asikilize sura tano, asiguse ya sita, na kabla ya mjadala kuanza ataje anayemshuku. Maiti iko kwenye nyumba tupu London, ukutani pameandikwa neno kwa damu, na polisi wawili wanagombania sifa. (Nitataja muuaji hapa chini. Kitabu kina zaidi ya miaka 130. Atakayesema nimemharibia utamu aulaumu uvivu wake.)

Dereva alimshuku yule polisi wa doria. Fundi alisema ni mwanamke, kwa sababu ya pete. Dada wa Bukavu hakumshuku mtu. Alisema bado anamchunguza Holmes mwenyewe, maana anajua mambo mengi mno. Mwalimu aliomba aachwe wa mwisho.

Hajati akakunja mkeka aliokuwa anasuka, akasema kwa utulivu: "Ni dereva wa lile gari la farasi. Na alikuwa na haki yake, maskini."

Kimya. Fundi akaacha nyundo.

"Kwa nini dereva, Hajati?"

"Kwa sababu wale wawili walimuua baba wa yule binti, na binti mwenyewe akaozwa kwa nguvu akafa kwa huzuni. Miaka yote hiyo anawatafuta. Wewe ungefanyaje?"

Tukatazamana. Binti gani? Katika sura tano hakuna binti aliyeozwa. Mwalimu, ambaye ndiye mwenye adabu kuliko sote, alisema Hajati ana kipaji ambacho polisi wa Kampala wangekihitaji. Dereva aliapa kwamba mama huyu amewahi kusoma kitabu hiki. Hajati akaapa kwamba hajawahi kukiona. Mjadala ukaenda hivyo karibu nusu saa, sisi tukimsifu kwa jinsi alivyokitambua kisa kizima kutokana na pete moja na jivu la sigara, naye akipokea sifa bila haraka, mpaka alipouliza: "Lakini mimi sikuelewa kitu kimoja. Holmes alifikaje jangwani kwa wale watu wa wake wengi, na mara hii amerudi London?"

Nikaomba katochi yake.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya mikono yangu. Katochi haijui kuhesabu. Inapanga majina kwa herufi, na kwa herufi, baada ya 1 inakuja 10. Hajati alisikiliza sura tano kwa uaminifu, kama tulivyoagana: ya 1, ya 10, ya 11, ya 12 na ya 13. Na kitabu hiki kimegawanyika katikati. Sura saba za kwanza ziko London, kisha msomaji anatupwa Utah miongo kadhaa nyuma, kwa Wamormoni, kuona chanzo cha kisasi. Sura ya 13 ndipo muuaji anapokiri kila kitu. Kwa hiyo Hajati alimfahamu Holmes, akavuka bahari, akamlilia yule binti, akasikia ungamo zima la muuaji, yote hayo kabla maiti haijaonekana.

"Nilidhani ndivyo Wazungu wanavyoandika," alisema.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani yake myeusi kufuta machozi. Katochi yake nayo ilikuwa na kadi ileile. Lakini yeye, alipofika jangwani, alihesabu moyoni, akaona hapana, akapapasa vitufe mpaka akaipata sura ya pili. Hakuniambia kitu. "Nilitaka nione nani mwingine atapotea."

9 Februari

Nimebadilisha majina: 01, 02, 03. Kadi zote sita. Somo limeingia.

22 Februari

Riwaya ya kwanza imekwisha. Maoni yamegawanyika vibaya kuhusu ile nusu ya Utah. Fundi anasema ni kitabu kingine kilichoshonewa humu kama soli ya kiatu kingine, na mshono unaonekana. Mimi namuunga mkono. Hajati, bila shaka, ndiyo nusu anayoipenda, na anashikilia kwamba ukisikiliza kwa mpangilio wake unamhurumia muuaji tangu mwanzo, kisha kila Holmes anapokaribia kumnasa unapata wasiwasi. Nimejaribu kulipinga hilo nimeshindwa. Inaonekana nilitunga riwaya bora kuliko ya Doyle kwa kosa la kuandika jina la faili.

Doyle aliiuza hakimiliki yake yote kwa pauni 25. Dereva hakuamini, akarudia mara tatu.

Dereva pia ndiye aliyesema neno lililonikaa. Tulikuwa tunajadili kwa nini hakuna aliyemshuku mwenye gari la farasi, ilhali nyayo za farasi na alama za magurudumu zilikuwa nje ya nyumba tangu sura ya tatu. Akasema: "Abiria hanitazami mimi. Anamtazama kondakta, maana ndiye mwenye chenji yake. Nimewahi kumbeba jirani yangu wa mlango wa pili kutoka Nateete mpaka mjini, akashuka bila kunijua."

Mambo ya kazi. Mwendo wa kusikiliza: Fundi anaweka moja na nusu kwa sababu mashine ya soli inampotezea maneno na anaona akiharakisha atakuwa anarudia bila hasara. Dada wa Bukavu alijaribu robo tatu ili akifuate Kiingereza, Holmes akasikika kama mlevi. Sasa anasikiliza mwendo wa kawaida, na mimi namtumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwa kila sura, muhtasari kwa Kiswahili. Nimegundua kwamba Hajati na Dereva nao wanausikiliza. Mwalimu hataki kuusikia. Yeye kila sura anaisikiliza mara mbili: "Mara ya kwanza namsikiliza muuaji, mara ya pili namsikiliza mwandishi."

15 Machi

Ramadhani. Tunakutana baada ya tarawehe, duka limejaa harufu ya sambusa ikishindana na gundi, na kwa mara ya kwanza sambusa imeshinda.

The Sign of the Four, ya mwaka 1890, sura 12. Inafunguka Holmes akijidunga kokeini, mchanganyiko wa asilimia saba, kwa sababu hana kesi na amechoka kukaa. Hajati alikasirika kweli, na hasira zake hazikuwa kwa Holmes. "Rafiki yake ni daktari! Daktari amekaa kwenye kiti anatazama!" Nikamweleza kwamba Uingereza ya wakati ule haikuwa kosa kisheria. Haikusaidia. Mkunga wa miaka 30 hajali sheria, anajali mshipa.

Kisha Mwalimu akainua mkono. Alisubiri tunyamaze wote.

"Huyo daktari, Watson, alipigwa risasi wapi?"

"Afghanistani," Fundi akajibu. "Vita vya Maiwand."

"Mwilini mwake, nauliza."

"Begani," nikasema mimi. Ni katika kurasa za mwanzo kabisa za kitabu cha kwanza, risasi ilivunja mfupa wa bega.

"Sasa sikilizeni sura ya kwanza ya hiki." Akapapasa katochi, akaicheza. Na kweli, Watson amekaa anauguza mguu wake uliojeruhiwa, risasi ileile ya Waafghani, imehamia mguuni.

Nimeisoma riwaya hii shuleni, tena kwa mtihani, na sikuwahi kuliona hilo. Wapenzi wa Holmes duniani wanalijua, wameligombania miaka na miaka, lakini sisi tulilipata wenyewe kwenye duka la viatu, na aliyelipata ni asiyeweza kufungua kitabu cha kwanza kuhakikisha. Nadhani ndiyo sababu hasa. Mimi ninayeweza kurudi nyuma sibebi kitu. Yeye hana pa kurudi, anabeba bega la Watson tangu Februari.

Sehemu ya pili ya jioni haikuwa ya kucheka. Kuna mtu humu anaitwa Tonga, wa visiwa vya Andaman, mfupi, anatumia mishale ya sumu. Anaelezwa kama mnyama tangu kutajwa mpaka anapopigwa risasi na kuangukia mto Thames. Bwana wake Mwingereza, Jonathan Small, ambaye ndiye aliyempeleka kwenye uhalifu wote huo, anapewa sura nzima ya mwisho ajieleze, tena ndefu kuliko zote, na unaishia kumwonea huruma. Tonga haulizwi. Dada wa Bukavu, ambaye mara nyingi ndiye anayesema machache, alisema kwamba alipofika hapo alivua hedifoni, akaenda kukunja vitenge, akarudi baada ya saa moja kwa sababu tu alitaka aje aseme hivi mbele yetu. Ukikisoma kwa macho, alisema, unaweza kuruka mistari. Lakini masikioni ni mtu anakuambia, ndani ya kichwa chako, kwa sauti nzuri.

Mwalimu akasema tusiendelee usiku ule. Tukala sambusa zilizobaki.

19 Aprili

Hadithi fupi. Kitabu cha The Adventures of Sherlock Holmes, 1892, hadithi 12, na hizi ndizo zilizotengenezewa masikio. Foleni ya Nateete mpaka mjini asubuhi ni hadithi moja kamili. Siku ya mvua ni moja na nusu. Dereva amepiga marufuku redio kwenye teksi yake na anatuambia kuna abiria wawili waliopitiliza kituo wakisubiri kujua mwisho wa ile ya watu wenye nywele nyekundu.

Ile ya nyoka, The Speckled Band, imezaa kesi. Daktari anamfundisha nyoka kupita tundu la ukutani, kushuka kwenye kamba, na kurudi akipigiwa mluzi, kisha anamtuza kibakuli cha maziwa. Fundi amekulia West Nile, na kwao nyoka si wa hadithini. "Nyoka hana sikio la kusikia mluzi. Na maziwa hanywi. Huyo daktari alikuwa anafuga paka." Na kuna zaidi: yule daktari ameleta wanyama wa kutoka India, na kati yao kuna nyani. Nyani, India! Dereva akasema ukitaka nyani wa kuleta Uingereza, mpelekee wale wanaokaa barabarani msitu wa Mabira, wanaosubiri ndizi za abiria. Tukaipigia kura: hadithi mbovu kwa ushahidi, bora kuliko zote kwa kutisha. Hajati alilala na taa.

Dada wa Bukavu anauliza mke wa Watson ana waume wangapi. Katika The Man with the Twisted Lip mkewe anamwita James, na jina lake ni John. Nimeanza kuamini kwamba Doyle alikuwa hasomi alichokiandika jana. Mwalimu anamtetea: mtu anaandika kwa ajili ya gazeti la mwezi, analipwa kwa hadithi, hakujua kwamba siku moja mtu kipofu atakuwa anamhesabia.

24 Mei

The Hound of the Baskervilles. Ilitoka kwa mafungu kwenye gazeti la Strand, kuanzia Agosti 1901 mpaka Aprili 1902, na sisi tumeisikiliza kwa mafungu vilevile, sura tatu tatu. Tumekula nayo mwezi mzima na sijutii hata siku moja.

Neno gumu la muhtasari wangu lilikuwa lile bonde la matope ambamo farasi wanazama. Nikasema kinamasi. Dereva akauliza, kama Lubigi, kinamasi chetu cha hapa Kampala? Nikasema kama Lubigi lakini bila mafunjo, bila barabara ya juu, na usiku. Basi kuanzia hapo katika kikundi chetu mbwa wa akina Baskerville anaishi Lubigi, na hakuna tena wa kumtoa.

Kidokezo cha viatu kilikuwa cha Fundi tangu mwanzo. Sir Henry amefika hotelini London. Anaibiwa kiatu kimoja kipya, hakijavaliwa bado. Kesho yake kile kipya kinarudi, na kinaibiwa kikuukuu. Sote tuliona ni vituko tu vya hoteli. Fundi alinipigia simu usiku, saa nne na nusu, hakungoja mkutano: "Kiatu kipya hakina mtu ndani yake. Mimi viatu vikija hapa najua cha nani kabla sijainua macho. Huyo anataka harufu. Ni mbwa wa kweli, si jini!" Ndivyo ilivyo. Mkutanoni akaongeza kwamba mpango huo usingefaulu Kampala. Mbwa ukimnusisha kiatu cha mtumba cha soko la Owino atakupeleka Ujerumani.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa Mwalimu. Alimtaja Stapleton kuwa ndiye muuaji, mapema mno, sura ya saba, mara tu alipotokea na wavu wake wa kukamatia vipepeo. Tukamtaka ushahidi. Akasema ushahidi hana.

"Basi umejuaje?"

"Msomaji ameniambia. Anasoma watu wote sawasawa, lakini akifika kwa huyu anapunguza mwendo, kama anayepita karibu na mayai. Yeye ameshakimaliza kitabu, anajua mwisho. Anajitahidi kuuficha, na sauti inaficha vibaya."

Fundi akawaka. Huo si upelelezi, ni kuchungulia! Mwandishi hakuweka hilo kwenye kitabu. Mwalimu akamjibu kwamba naye alitumia pua ya kazini kwake, kila mtu anapeleleza kwa alichonacho. Dada wa Bukavu akasema hata Holmes humsoma mtu kwa matope ya suruali, na suruali hazijaandika kitu. Tukabishana mpaka muadhini wa Isha. Nikarudi nyumbani nikaicheza tena sura ya saba, nikiwa kitandani, taa imezimwa. Sikusikia mayai yoyote. Nikaicheza mara ya tatu. Labda.

Kuna mahali, karibu na mwisho, Holmes anasimama mbele ya picha ya zamani ukutani, anafunika kofia na nywele kwa mkono, na uso wa muuaji unajitokeza. Tulipofika hapo wengine wote walishangilia. Mwalimu alitulia. Baadaye akaniambia, tukiteremka kilima, mkono wake kwenye kiwiko changu, kwamba nyuso zetu zimeanza kumtoka, isipokuwa wa Hajati. Kisha akaniuliza kama barabara imekauka.

14 Juni

Baada ya ile ya mbwa tulitaka tuongeze riwaya ya nne. Mwalimu kaja na mfuko wa nailoni, ndani yake Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, chapa ya zamani, jalada limeshikwa kwa plasta ya hospitali. Amekihifadhi tangu Dar.

Ni haki yake. Ukishasikiliza Holmes miezi mitano, ni aibu kutomtembelea Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko chake na rafiki yake Najum wa kumshangaa, kama Watson. Kitabu hiki kilichapishwa 1960, na baada yake kikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Nyayo za Holmes zinaonekana wazi humo. Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria ni hili: Doyle alikuwa daktari, na Holmes alimchonga kutokana na mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh, Joseph Bell, aliyemtambua mgonjwa kabla hajaketi. Abdulla naye, kabla ya uandishi wa habari, alifanya kazi idara ya afya Zanzibar. Hajati hakushangaa hata kidogo. Alisema mtu wa afya akiingia nyumbani kwako anaona yote, kazi ni kunyamaza tu.

Shida: rekodi hatuna. Na kurekodi wenyewe tukasambaza hatuwezi, Abdulla alifariki 1991, hakimiliki yake bado hai. Basi tutasomeana, ana kwa ana, pale dukani, bila kurekodi. Nani asome? Mwalimu akaweka masharti, na nilipoyasikia nikajua ule ugomvi wa mayai haujamtoka. Asome mtu ambaye hajawahi kukisoma kitabu hiki. Asitangulie hata ukurasa mmoja. Asome kama anavyotembea mgeni gizani, akijikwaa ajikwae, ili sauti yake isiwe na cha kuficha. Yeye Mwalimu, anayejua mwisho, atakaa mbali na msomaji na hataruhusiwa kukohoa.

Kura zikaenda kwa Hajati.

28 Juni

Hajati anasoma vizuri kuliko wote tuliowapakua. Si kwa ufundi. Anakosea vituo, anarudi, anamgombeza mhusika katikati ya sentensi. Kuna jibu moja alilisoma kwa huruma, kufika mstari unaofuata akakuta kumbe lilikuwa kejeli. Akasimama, "Ah! Kumbe we mshenzi," akalirudia kwa sauti nyingine. Maikrofoni ya nani itakupa hilo?

Kiswahili cha Unguja kinamsumbua hapa na pale, na hapo Mwalimu anaruhusiwa kufasiri neno, neno tu. Mihtasari yangu ya sauti haina kazi tena. Dada wa Bukavu sasa ndiye anayeongea kuliko wote, amewashuku watu wanne tayari.

7 Julai

Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Huku kwetu Baraza la Mawaziri lilipitisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili ni lugha rasmi na kifundishwe shuleni, kwa hiyo kulikuwa na hotuba mahali. Sisi tulikuwa na mkutano wa ziada. Kabla ya kuanza niliwaambia nilichokigundua asubuhi: Conan Doyle alifariki tarehe hiihii, 7 Julai, 1930. Dereva alitaka tumsomee Fatiha. Hajati akasema mtu wa kuzungumza na roho za wafu yule, kwanza tuulize dini yake.

Zimebaki kurasa kama 20. Maiti iliyokutwa kwenye mzimu ina washukiwa watatu waliobaki, kwa hesabu zetu. Fundi ana ushahidi wa nyayo na haambiliki. Hajati alivaa miwani, akasoma kama robo saa, duka zima kimya, hata fundi wa simu wa jirani alikuwa amezima redio yake na kuegemea mlango. Kufika mahali Bwana Msa anajaza kiko na kusema sasa yuko tayari kusema, Hajati akameza mate, akageuza ukurasa, akatulia kidogo.

"Hajati," Mwalimu akasema kutoka kona yake, "hiyo karatasi imegeuka mara mbili."

"Zilikuwa zimegandana, Mwalimu."

"Zimegandana zikakufanya uvute pumzi?"

Hajati akaurudisha ukurasa, polepole, akatafuta mstari kwa kidole, akaanza kusoma. Sote tukawa tunaisikiliza sauti yake.